Malengelenge ya mdomoni, ya chini na mkanda wa jeshi: tupeane uzoefu

Mtoto wa Kwa Mtogole: Wakuu, salaam. Mimi nikipata homa tu, hata ya mafua, midomo inatoka malengelenge. Iko hivyo tangu shule ya msingi, na bibi alituambia ni homa inatokea nje, ikishatoka umepona. Leo kazini dada mmoja kanitazama mdomo, akasema mbele ya watu hiyo ni hepesi, ugonjwa wa zinaa, nikapime. Sasa darasa la tatu nilizini na nani? Waliougua haya madude, ya juu, ya chini au mkanda wa jeshi, njooni tuambizane. Yanaambukizwaje, na ni kitu kimoja au tofauti?

Bint Mrima: Tupo wengi. Mimi ni kila nikikaribia siku zangu, kona ile ile ya mdomo. Inawasha, inachonyota, kesho yake hao.

Kungwi wa Tandale: Mkuu kapime. Vya chini hivyo vimepanda juu.

Tabibu wa Zahanati: Kungwi, unatisha watu bure. Ya mdomoni mara nyingi ni hepesi aina ya kwanza, na wengi wetu tunaipata utotoni kwa mate: shangazi kakubusu, mmechangia kijiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo, yaani 64 kwa kila 100. Aina ya pili ndiyo hasa ya sehemu za siri na inapita kwenye ngono. Hiyo wanakadiria milioni 520, umri wa miaka 15 hadi 49. Ila ya kwanza nayo hushuka, mwenye kidonda mdomoni akitumia mdomo huko chini. Ikiingia haitoki. Inajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, halafu homa, jua kali, msongo au hedhi vinaiamsha.

Kungwi wa Tandale: Na vyoo vya stendi?

Tabibu wa Zahanati: Kirusi hiki hakidumu nje ya mwili. Choo cha stendi kina kesi zake nyingine.

Dawa Asilia Zote: Hepesi inapona kabisa, chupa mbili tu, mzigo unatumwa mikoani. Njoo faragha.

Mjomba Sele: Wewe ndiye uliyemuuzia kaka yangu dawa ya kisukari?

Dereva wa Uyole: Huwa napita kimya, ila hapo kwenye mkanda wa jeshi mmenigusa. Nilikuwa napeleka mzigo Tunduma. Kuanzia Makambako ubavu wa kulia ukawa unawaka moto, nikasema kichomi hiki, nikameza panadol nikaendelea. Kufika nyumbani navua shati, mama watoto akapiga yowe. Malengelenge yamejipanga kutoka mgongoni yanakuja mbele, upande mmoja tu. Jirani kaja kuchungulia, akatikisa kichwa: "Madereva hao." Mnajua maana yake.

Usiku ule mke wangu kahamia chumba cha watoto. Baba mkwe akaleta mzee wa kunipaka majivu yaliyochanganywa na kitu kinachonuka vitunguu, na huyo mzee ndiye aliyenimaliza. Alisema mkanda ukizunguka, kichwa kikakutana na mkia, mtu hamalizi wiki. Basi nikawa nalala na kioo cha mkononi. Kila nikishtuka nawasha tochi ya simu, napima kwa vidole umebakiza kiasi gani kufika kitovuni. Shati sivai, shuka ikinigusa ni kama napigwa pasi.

Nikapima VVU, sina. Shemeji zangu wakakaa kikao, wakasema karatasi zinanunuliwa, wakanipeleka kwingine wenyewe, nikatobolewa kidole wanaangalia. Sina. Nikajua yameisha. Mara kitindamimba wangu, bado ananyonya, katoka malengelenge mwili mzima! Mama mkwe alilia mtaa mzima ukasikia kwamba nimemuua mtoto, wakaanza kufunga mizigo ya mke wangu. Aliyewatuliza ni daktari aliyemwona mtoto: hii ni tetekuwanga, kaipata kwa baba yake, kwa sababu kirusi ni kile kile. Mimi niliugua tetekuwanga utotoni, kikalala mwilini miaka yote, kikaamka kwa sura ya mkanda. Mtoto alipona mapema kuliko mimi. Ngozi yangu ilikauka lakini maumivu yalibaki miezi, hata upepo wa dirishani nilikuwa nauogopa.

Kungwi wa Tandale: Mke alirudi?

Mama Wawili: Aliondoka lini? Walifunga mizigo tu. Soma kwanza.

Mjomba Sele: Mume anaugua wewe unahama chumba. Huyo ni wa kumrudisha kwao.

Bint Mrima: Ana mtoto anayenyonya, ulitaka amlaze kwenye malengelenge? Alifanya sawa.

Mjomba Sele: Alikimbia ngoma huyo, tetekuwanga hata hakuifikiria!

Bint Mrima: Kwa hiyo angebaki ili wewe ufurahi?

Mtoto wa Kwa Mtogole: Jamani, mdomo wangu mmeusahau.

Tabibu wa Zahanati: Dereva, pole sana. Mkanda ni wa ukoo huo huo wa hepesi, ila kirusi chake ni kingine. Unafuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja, kwa hiyo kawaida hauvuki katikati ya mwili. Habari ya kichwa na mkia ni hadithi. Kijana akiupata tunampima VVU kwa sababu kinga ikishuka ndipo unaamka, lakini umri nao unashusha kinga, na waliovuka miaka 50 wanaupata sana bila VVU yoyote. Ukiuona usianze na majivu. Mtu mzima hupewa asaiklovia miligramu 800 mara tano kwa siku, na inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72. Funika malengelenge kwa nguo, wajawazito na watoto wachanga wakae mbali mpaka yakauke. Na mkanda haumpi mtu mkanda; unampa tetekuwanga ambaye hajawahi kuiugua.

Mjomba Sele: Majivu yalimponya babu yangu.

Mama Wawili: Mkanda unakauka wenyewe, Mjomba. Hata ungempaka uji.

Asiyetaka Jina: Naomba niseme ya chini, maana wote mmeikwepa. Nilitoka vidonda huko nikiwa kwenye ndoa ya miaka mingi. Kukojoa nilikuwa nalia. Nilimtoa mume wangu nje usiku, nikampigia hadi mchungaji. Nesi akaniambia mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kidonda hata kimoja na bado akaambukiza, kwa hiyo huenda ni yeye, huenda ni mimi, tangu kabla hatujajuana. Mpaka leo hatujui na tumeacha kuulizana.

Kungwi wa Tandale: Kondomu je?

Tabibu wa Zahanati: Inapunguza, haizuii yote, kwa sababu kirusi kinaweza kutokea kwenye ngozi isiyofunikwa, pajani au kinenani. Vidonda vikiwepo pumzikeni kabisa.

Mama Kasulu: Mimi nimefanya kazi gesti huko kanda ya ziwa. Walikuja watafiti, wenye hepesi namba mbili tukapewa vidonge asubuhi na jioni, wengine asaiklovia ya 400, wengine vya bandia, hujui umepata kipi. Hepesi hiyo inaurahisishia VVU kuingia, wakataka kuona kama ukiituliza utakuwa umeuzuia. Majibu yalitangazwa 2008: haikuzuia. Wahudumu wa baa na gesti tumechangia sayansi, ila humu mnatuita majina.

Mjomba Sele: Hakuna aliyekuita jina, mama.

Mama Kasulu: Bado.

Mzazi Mpya: Samahani nachomekea. Nimejifungua juzi. Mama mkwe anakuja kesho, na kwenye video nimeona ana vile vidonda mdomoni. Yeye akimshika mjukuu lazima ambusu. Nimwambieje?

Tabibu wa Zahanati: Asimbusu kabisa mpaka vikauke. Mtoto mchanga hana kinga, hepesi inaweza kumuua. Anawe mikono, avae barakoa, ambebe. Na wajawazito mnaosoma: ukipata vidonda vya chini kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho, au uchungu umeanza vipo, mwambie mkunga mapema. Huenda ukahitaji upasuaji.

Bint Mrima: Mwambie mtoto kalala. Kila akija, kalala.

Mjomba Sele: Mkwe haambiwi hivyo. Mumeo ndiye aseme na mama yake.

Mama Wawili: Mumewe atasema? Wanaume wa humu humu?

Kungwi wa Tandale: Paka mtoto masizi usoni. Hatabusiwa.

Mzazi Mpya: Mrejesho. Mume alikwepa, alikwenda kununua maziwa. Nikasema mwenyewe kwa adabu zote. Mama kanyamaza, kauliza nani kanifundisha, nikampa simu asome hapa. Kavaa barakoa bila neno. Simu hajarudisha, amefika kwa Dereva, anauliza kama wale shemeji walimwomba radhi.

Dereva wa Uyole: Mwambie mama walileta jogoo. Hawakusema la nini.