Mrejesho: Mashine ya kufulia iliyokuwa ikiacha nguo zikichuruzika maji

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini mashine yangu ya kufulia, yenye mlango wa mbele, humaliza kazi huku nguo zikiwa bado zinachuruzika maji, ingawa nimeiweka ikamue kwa mizunguko 1,200 kwa dakika. Nawashukuru kwa dhati mlionishauri nianze na chujio la pampu kabla ya kumwita fundi.

Nilichomoa waya wa umeme, nikaweka beseni bapa chini ya kifuniko kidogo kilichopo chini mbele ya mashine, kisha nikalegeza chujio taratibu. Maji mengi yalitoka, ishara kwamba pampu haikuwa ikiyamaliza. Na mashine inapohisi kuwa bado kuna maji ndani, haikamui kabisa au hukamua kwa kasi ndogo tu. Kwenye chujio palikuwa na nyuzi zilizoshikamana, kifungo cha shati na sarafu, na nywele zilikuwa zimejisokota kwenye mapanga ya pampu.

Baada ya usafi huo mashuka yalitoka yakiwa na unyevu mdogo, lakini blanketi lililofuliwa peke yake bado lilitoka limelowa chepechepe. Hapo ushauri wa pili ulifaa sana: kitu kimoja kizito hujikusanya upande mmoja wa pipa, na mashine hupunguza kasi ili isitikisike kupita kiasi. Nikiongeza taulo mbili, uzito husambaa na blanketi hukamuliwa vizuri. Mpira wa kutolea maji niliukagua pia. Haukuwa umejikunja wala kuziba.