Uthibitishaji wa laini za simu: ubaki kwa kampuni au uhamie kwenye blokucheni?

Wakuu, kuna hoja kwamba kazi ya kuthibitisha laini za simu itolewe mikononi mwa kila kampuni, iwekwe kwenye blokucheni, yaani leja inayotunzwa na wengi kwa pamoja na ambayo hakuna mmoja anayeweza kuibadili kimyakimya. Nusu yake naikubali. Nusu nyingine naipinga kwa nguvu zote.

Ndani ya laini yako kuna ufunguo wa siri, na nakala yake iko kwa kampuni. Simu ikitafuta mtandao, inatumiwa namba ya kubahatisha, laini inaikokotoa kwa ule ufunguo, na jibu likilingana na la kampuni unaingia. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani kabisa. Mbinu ni nzuri, ila nakala zikirundikwa ghala moja, mwizi anajua pa kwenda. Mwaka 2015, nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyewahi kufanyia kazi ujasusi wa Marekani, zilionyesha majasusi wa Marekani na Uingereza wakiwaingilia Gemalto, watengenezaji wa kadi za laini, wakiwinda funguo hizohizo.

Hapo leja inanivutia. Ikibeba funguo za wazi tu, yaani zinazoweza kukagua jibu la laini bila kuijua siri yake, na siri ikabaki ndani ya laini, ghala la kuvunja halipo tena. Ukiwa nje ya nchi, mtandao wa huko ungekutambua bila kuulizia kampuni yako ya nyumbani kupitia SS7, itifaki ya mitandao ya simu kuwasiliana yenye asili ya miaka ya 1970 iliyojengwa kwa kuaminiana. Mwaka 2017 wezi waliitumia SS7 huko Ujerumani, wakanasa SMS za benki na kukomba akaunti za watu.

Wengine wanalalamikia kasi. Kusoma leja si tatizo, kila mtandao una nakala yake. Kuandika ndiko kugumu: kwenye Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayoendeshwa kwa blokucheni, kurasa mpya hutoka kila baada ya dakika 10 hivi, na laini iliyoibiwa haiwezi kusubiri hivyo.

Ninachokataa ni kumwachia mtumiaji ufunguo peke yake. Simu ikizama majini, siri imezama nayo. Leo unakwenda na kitambulisho, unarudishiwa namba yako. Leja haina dirisha la kwenda kujieleza. Mkiniambia tutaweka mtu wa kurudisha, basi tapeli atamwendea huyohuyo akijifanya wewe, kama wanavyofanya sasa wanaohamishia namba za watu kwenye laini zao.

Wanaounga mkono wanijibu hili: mtu amepoteza simu asubuhi hii, nani ana haki ya kuandika kwenye leja kwamba ufunguo wake wa zamani umekufa na huu mpya ndio wake?