Ukoo wa Mzee Kombo: konveta ya Hamisi

JUMAPILI

Da Asha (Hazina): Asalaam aleikum ukoo. Mchango wa harusi ya Mwanaidi, bado Rama, bado Hamisi wa Dallas, Mjomba Kombo katoa nusu. Simtaji mtu 😅

Hamisi Dallas: Da Asha nimeona. Mwisho wa mwezi inshallah, sasa hivi nimebanwa.

Rama: Umebanwa na nini? Jana stetasi nzima Camaro inachoma matairi.

Hamisi Dallas: Ndo hiyohiyo imenibana 😂 Mjomba Kombo upo? Shikamoo. Nataka kubadilisha toki konveta.

Mjomba Kombo: Marahaba mwanangu. Nipo gereji, mikono ina oili, nisubirini. Iliyomo imekufa?

Hamisi Dallas: Hapana, nzima kabisa. Nataka ya stali ya juu, injini ipande kwanza ndo gari iondoke. Jamaa yangu mmoja huku kafunga ya 4200, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, akiachia breki gari inaruka kama panzi.

Mama Hamisi: Kitu kizima unakitoa?

Mama Hamisi: Hamisi.

Hamisi Dallas: Mama shikamoo.

Mama Hamisi: Marahaba. Jibu.

Hamisi Dallas: Mama ni kwa ajili ya mashindano. Ya kwenda mbele tu, mita 402, gari mbili zinaondoka pamoja.

Mama Hamisi: Ndiyo yale ya usiku barabarani polisi wanakamata?

Hamisi Dallas: Hapana jamani. Hapa kusini ya Dallas, mji unaitwa Ennis, kuna uwanja rasmi, Texas Motorplex. Upo tangu 1986, njia yote ni zege. Hata chama chao, NHRA, kilianzishwa 1951 California kuwatoa vijana barabarani wakashindanie uwanjani. Unalipa getini, wanakagua gari, unapanga foleni.

Mama Hamisi: Mita mia nne. Kutoka hapa kwangu hadi kwa muuza genge. Na hela yote hiyo.

Rama: 😂😂😂

Mjomba Kombo: Nimenawa. Haya Hamisi, injini gani, difu ngapi (shafti inazunguka mara ngapi tairi likizunguka moja), na hilo gari unaendea kazini au linasubiri mashindano?

Hamisi Dallas: Camaro 2002, LS1, lita 5.7, injini haijaguswa. Gia boksi 4L60E. Difu 2.73. Na kazini naenda nayo kila siku, maili 30 kwenda peke yake.

Mjomba Kombo: Na huyo jamaa yako wa 4200?

Hamisi Dallas: Ana kemshafti kubwa, ile shafti ya kufungua valvu, na difu 4.10. Yeye gari anailetea kwenye trela.

Mjomba Kombo: Umeshajijibu.

Bi Mwana: Jamani na sisi tusiojua tuelezwe. Hiyo konveta ni kitu gani?

Mjomba Kombo: Bi Mwana chukua pangaboi mbili uzielekeze uso kwa uso. Moja washa, nyingine usiiguse. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili. Ndani ya konveta ni hivyohivyo, ila badala ya upepo ni oili. Pangaboi ya kwanza inazungushwa na injini, ya pili imeshika shafti ya gia boksi. Ndiyo maana gari ya oto ikisimama kwenye taa haizimiki, oili inapita tu. Sasa katikati ipo ya tatu, ndogo, inaitwa stata. Oili inayotoka kwenye pangaboi ya pili inarudi imegeukia kinyume, ingeachwa hivyo ingeipinga injini. Stata inaigeuza iingie na kusukuma. Hapo gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha inazidishwa karibu mara mbili. Likishashika mwendo, stata inazunguka bure na kule kuzidisha kunakwisha.

Bi Mwana: Ahsante. Pangaboi nimeelewa.

Mama Hamisi: Mimi nimeelewa pangaboi, bei ndo sijaelewa.

Mjomba Kombo: Sasa Hamisi. Stali ni pale injini inapokomea gari likiwa bado halijasogea. Ya kiwandani kwako haipiti sana 1800. Kwa hiyo unaondoka injini bado ina usingizi, maana LS1 ukali wake uko 4000 na kuendelea. Tena kwa difu 2.73, ndefu vile, ndo kabisa. Ukifunga ya 3200 injini inakuwa imeshaamka taa ikiwaka kijani. Ya 4200 umeshapita kilele cha kuvuta. Kila ukitoka kwenye taa za mjini injini inapiga kelele, gari linafuata nyuma kama bibi anayekwenda kliniki.

Mjomba Kombo: Halafu namba ya stali haikai mahali pamoja. Konveta ileile ukiifunga kwenye injini yenye nguvu zaidi inapanda, kwenye dhaifu inashuka. Kwa hiyo "4200" ya mwenzio si 4200 yako. Muuzaji anayejua kazi atakuuliza uzito wa gari, difu, kimo cha tairi, kemshafti, na kama unaendea kazini. Asiyeuliza anakuuzia boksi.

Hamisi Dallas: Wa kwanza niliyempigia hakuuliza hata moja. Alitaka namba ya kadi tu.

Mjomba Kombo: Basi huyo mwache. Na kuna za bei ya karanga, mapezi yamekunjwa tu, hayajaunganishwa kwa shaba kwenye tanuru. Presha ikipanda linavimba kama andazi. Likivimba linasukuma krenki mbele, bearingi ya ubavu inaliwa. Hapo umeokoa dola mia tatu umezika injini.

Mjomba Kombo: Na iwe na loku, ile klachi inayozifunga pangaboi zote mbili zizunguke pamoja. Maili 30 za barabara kuu bila loku oili inateleza njia nzima, inapata joto bure.

Nassor Muskati: Salaam alaykum jamaa. Hapo kwenye joto niingie. Huku watu wanapanda michanga na Patrol za oto, kiangazi nje peke yake zaidi ya 40. Gia boksi nyingi zinafia pale, mtu anasema gia mbovu kumbe oili imeungua. Hamisi, konveta ya stali ya juu inateleza zaidi, na kuteleza ndiko joto. Funga kula (kipoza) ya oili ya nje na geji ya joto kabla hujafunga hiyo konveta.

Mjomba Kombo: Nassor kasema kweli. Ikipita nyuzi 80 hivi, kila ikiongezeka kama 11 umri wa oili unakatika nusu. Na mabomba ya zamani yapige dawa yatoke uchafu, usimlishe mgeni makombo ya mwenzake.

Hamisi Dallas: Sawa mjomba. 3200, loku, kula, geji.

Da Asha (Hazina): Na mchango.

JUMAMOSI, SAA 11 ALFAJIRI (DALLAS SAA 3 USIKU WA IJUMAA)

Hamisi Dallas: Mjomba umeamka?

Hamisi Dallas: Mjomba 🙏

Mjomba Kombo: Ndo natoka msikitini. Vipi?

Hamisi Dallas: Nipo chini ya gari na jirani yangu mmoja wa Kisumu. Kushusha kumetuchukua siku nzima, hii Camaro ina mkono mrefu unatoka kwenye difu umefungwa kwenye mkia wa gia boksi, lazima utoke kwanza. Konveta mpya nimeiweka, gia boksi ipo kwenye jeki, pini za injini zimeingia. Imebaki nafasi kama ya kidole haigusi bloku. Nataka niivute na bolti.

Mjomba Kombo: USIKAZE

Mjomba Kombo: USIKAZE HATA MOJA. Weka spana chini.

Rama: 👀

Hamisi Dallas: Nimeweka.

Mjomba Kombo: Ulivyoiingiza konveta ilidondoka mara ngapi?

Hamisi Dallas: Kudondoka vipi?

Mjomba Kombo: Haya sikiliza. Pale mbele ya gia boksi vipo vitu vitatu, kimoja ndani ya kingine. Shafti ya kuingizia, bomba la stata, na meno ya pampu. Konveta lazima ivae vyote vitatu. Unaizungusha huku unaisukuma, inadondoka tok, unazungusha tena, tok, tena, tok. Ya tatu ndiyo ya pampu na ndiyo watu wanaiacha. Ukivuta kwa bolti hapo inapasuka pampu. Gari utawasha, litalia, na gia hutapata hata moja.

Hamisi Dallas: Nilisikia mbili.

Mjomba Kombo: Rudisha nyuma. Na usione haya, Crown ya mteja wangu mwaka 2011 niliivuta mwenyewe na bolti kwa haraka zangu. Pampu nilinunua kwa hela yangu na wiki nzima nilikuwa napanda daladala kumkwepa.

Bi Mwana: Kombo hiyo hukuwahi kutuambia.

Mjomba Kombo: Ningewaambia ili iweje.

Hamisi Dallas: Tumeitoa. Jirani ameshika taa mimi nazungusha.

Hamisi Dallas: Haijadondoka.

Mjomba Kombo: Usiisukume kwa nguvu. Ibebe kidogo uzito usilale kwenye sili, halafu zungusha polepole kama unafungua kopo la maziwa ya unga. Uliijaza oili?

Hamisi Dallas: Nilimimina lita moja hivi kabla.

Mjomba Kombo: Vizuri, isianze kavu.

Hamisi Dallas: 🎤 *Ujumbe wa sauti, sekunde 9*

Rama: Nimesikia! Tok! Mpaka mtu wa Kisumu kapiga kelele 😂😂

Nassor Muskati: Mashallah.

Mjomba Kombo: Haya. Sasa ukisharudisha gia boksi, bloku na kengele ya gia boksi zikutane kwa mkono, bila spana. Kisha konveta iwe imekaa nyuma, haigusi ile sahani ya flaiwili. Pima hilo pengo.

Hamisi Dallas: Napimaje, sina kipimo cha hivyo.

Mjomba Kombo: Biti ya drili huna?

Hamisi Dallas: Ya milimita 4 inapita inasugua kidogo. Ya 5 haiingii.

Mjomba Kombo: Hapo hapo. Milimita 3 hadi 5 ndo inatakiwa. Izungushe kwa mkono, ikizunguka huru ivute mbele ufunge bolti zake, kaza kwa kipimo cha kitabu. Ikigoma kuzunguka nipigie.

Hamisi Dallas: Inazunguka kwa vidole viwili.

Mjomba Kombo: Nenda kalale. Kesho ndo uwashe, ukiwa na akili. Oili weka kidogokidogo, injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta, pitisha gia zote ndo usome kijiti.

Mama Hamisi: Amekula?

Hamisi Dallas: Jirani kaleta ugali mama.

Mama Hamisi: Huyo mtu wa Kisumu Mungu ambariki.

JUMATANO

Hamisi Dallas: Wiki hii naizoea tu. Ukikanyaga kidogo mshale wa mizunguko unapanda kwanza halafu gari ndo inakuja, kama inavuta mpira. Mwanzo nilidhani gia inateleza. Kwenye barabara kuu loku ikishika inatulia, huwezi jua kama kuna kilichobadilishwa. Geji barabarani inakaa 75, kwenye foleni inafika 85.

Mjomba Kombo: Iko sawa. Kompyuta umeirekebisha?

Hamisi Dallas: Ndiyo, mtu kaipanga ijue lini ishike loku na lini ibadilishe gia.

JUMAMOSI, SAA 1 ASUBUHI

Hamisi Dallas: Nimetoka Ennis sasa hivi. Naweka karatasi zote mbili, ya mwezi uliopita na ya leo.

Hamisi Dallas: 📷 *Picha*

Hamisi Dallas: Konveta ya zamani: mita 18 za kwanza sekunde 2.11, mwisho 13.56, mwendo maili 104.

Hamisi Dallas: Mpya: mita 18 za kwanza sekunde 1.86, mwisho 13.04, mwendo maili 104.

Rama: Mbona mwendo wa mwisho ni uleule? Si umeongeza nguvu?

Mjomba Kombo: Hakuongeza nguvu hata punje. Injini ni ileile. Nusu sekunde yote kaipata pale mwanzo, hebu angalia ile mita 18 peke yake imempa robo. Hiyo karatasi niprintieni niibandike gereji, kuna watu wanabisha.

Nassor Muskati: Na joto?

Hamisi Dallas: Mara ya tatu kwenye foleni ilifika 98. Nikazima, nikafungua boneti, nikakaa dakika 40.

Nassor Muskati: Hapo umefanya la maana.

Rama: Kwa hiyo sasa unatafuta sekunde 12?

Hamisi Dallas: Difu kwanza. Nikipata 3.73 naingia 12.

Da Asha (Hazina): Difu 😐

Mama Hamisi: Helmeti ulivaa?

Hamisi Dallas: Mama ukienda chini ya sekunde 14 hawakuruhusu bila helmeti.

Mama Hamisi: Sijauliza sheria, nimeuliza kichwa chako.

Hamisi Dallas: Nilivaa mama. Hii hapa.

Hamisi Dallas: 📷 *Picha*

Bi Mwana: Kapendeza. Kama rubani.

Mama Hamisi: Amekonda.

Mjomba Kombo: Ile konveta ya zamani usiitupe, ni nzima.

Hamisi Dallas: Kuna mtu kainunua tayari, dola 100. Da Asha, hiyo nimekutumia wewe, angalia simu.

Da Asha (Hazina): Imeingia. Hamisi wa Dallas, mchango wa Mwanaidi, nimekukata jina. Bado Rama.

Rama: *Ujumbe huu umefutwa*