Ardhioevu ya delta ya Ruzizi: modeli inaweza kupima hatari?

Mwanafunzi, Bukavu

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaandika tasnifu kuhusu delta ya Ruzizi, mahali ambapo mto huu unaotoka Ziwa Kivu hapa mjini kwetu unaingia Ziwa Tanganyika kwa mikono miwili: Ruzizi kubwa na Ruzizi ndogo. Nilichukua picha za setilaiti ya Sentinel-2, nikaweka alama kwa mkono penye matete, mafunjo, mashamba na maji wazi, kisha nikafundisha modeli ya msitu nasibu, ile inayojumlisha kura za miti mingi ya maamuzi. Inapatia zaidi ya mara tisa katika kila kumi. Nikachora ramani kwa furaha, nikaiita ramani ya makazi yaliyo hatarini, na msimamizi wangu akauliza swali moja tu: hatari yenyewe iko wapi? Sikuwa na jibu. Nitaifundishaje mashine kupima udhaifu, wakati hakuna pikseli, yaani kijipande cha picha, hata moja iliyoandikwa neno "dhaifu"?

Mtaalamu wa ramani, Goma

Msimamizi wako ana haki. Ramani yako inaonyesha kilichoota, na hiyo ni hatua ya kwanza tu. Udhaifu wa makazi unahusu jinsi yanavyofikiwa na tishio, jinsi yanavyoumia yakifikiwa, na kama yana uwezo wa kurudi. Matete yanayopakana na shamba la mpunga na matete yaliyo katikati ya kinamasi yana rangi ileile katika picha, lakini jembe litayafikia yale ya kwanza kabla ya haya ya pili.

Alama unayoitafuta imo katika historia. Setilaiti ya Landsat 5 ilirushwa mwaka 1984, na picha zake zenye pikseli za mita 30 hupatikana bila malipo. Chukua pikseli zilizokuwa matete katika mwaka mmoja, utazame zipi zilikuwa bado matete miaka kumi baadaye na zipi zilikuwa zimetoweka, kisha uipe modeli mambo yaliyojulikana kabla ya kutoweka: umbali hadi barabara, hadi shamba na hadi mkondo wa mto, pamoja na mwinuko wa ardhi. Hapo mashine itajifunza uwezekano wa kupotea.

Usichanganye, hata hivyo, aina mbili za kupotea. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi maji yakaingia katika nyumba za Uvira na Gatumba. Matete yaliyofunikwa na maji yanaweza kuota tena maji yakishuka. Yaliyong'olewa ili kupanda mpunga hayarudi maadamu mwenye shamba bado analima.

Mtafiti, Lubumbashi

Ninaongeza mawili. La kwanza ni hilo la kupatia mara tisa. Ikiwa uligawa pikseli zako kwa bahati nasibu, baadhi kwa mafunzo na baadhi kwa mtihani, basi pikseli nyingi za mtihani zinakaa bega kwa bega na za mafunzo, na modeli imesahihishiwa swali ambalo ilikwisha kuonyeshwa jibu lake. Mimi niliumbuka kwa kosa hilo katika bonde la Kamalondo, kwenye maziwa ya Upemba. Modeli yangu ilihesabu eneo kubwa kuwa ardhioevu iliyoharibika. Nilipofika kwa mtumbwi nilikuta wavuvi walikuwa wamechoma matete wakati wa kiangazi, na machipukizi yalikuwa tayari yananifika magotini. Gawa kwa maeneo: ficha kipande kizima cha delta, ukijaribie modeli huko.

La pili ni mawingu na mpunga. Shamba la mpunga lililojaa maji huidanganya picha ya kawaida, na wakati wa mvua mawingu hufunika bonde. Rada ya setilaiti ya Sentinel-1 hupita mawingu. Maji wazi yanaonekana meusi kwa sababu wimbi la rada linateleza na kwenda zake, ilhali mashina yaliyosimama ndani ya maji mara nyingi hung'aa, kwani wimbi hugonga maji na shina kisha likarudi. Kwa mafunjo mazito ni afadhali rada ya wimbi refu zaidi, kama ile ya setilaiti za Wajapani ziitwazo ALOS. Tazama mwaka mzima: mpunga hupandwa na kuvunwa, mafunjo hubaki.

Mwanafunzi, Bukavu

Asanteni sana, wakubwa zangu. Niligawa kwa bahati nasibu kweli. Nitafundisha modeli upande wa Ruzizi kubwa na kuijaribia Ruzizi ndogo, ambako haijawahi kuona kitu. Je, mabwawa ya umeme yaliyo juu ya mto yaingie katika hesabu?

Mtaalamu wa ramani, Goma

Yanazuia mchanga ambao ungeijenga delta, kwa hiyo yanahusika, lakini hayatakusaidia kutofautisha pikseli moja na nyingine, kwa kuwa yanaigusa delta nzima. Yaeleze katika maandishi, na modeli uiachie umbali hadi mkondo.