MJADALA: Watu wawili na wapigaji wa kukodi, hiyo ni bendi au ofisi?

Mtoa mada: Wakuu, salaam. Jana kijiweni jamaa mmoja kaniambia Steely Dan haijawahi kuwa bendi, ilikuwa ofisi ya watu wawili yenye vibarua. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nalileta hapa.

Kwa wasioifuatilia rock ya Marekani: mwaka 1967, katika chuo cha Bard, jimbo la New York, Donald Fagen alikuwa akipita karibu na mkahawa wa wanafunzi akasikia gitaa la umeme linalia kama lipo mikononi mwa mtu wa kazi. Akaingia, akamkuta Walter Becker, mwanafunzi mwenzake. Fagen mpiga kinanda, na wote wawili wagonjwa wa jazz. Wakaanza kutunga pamoja. Baadaye wakahamia jijini New York kuuza nyimbo zao, biashara ikawa ngumu, wakawa wanapiga vyombo nyuma ya kundi la Jay and the Americans ili mkono uende kinywani. Mwaka 1971 prodyuza Gary Katz akawavuta Los Angeles, wakaajiriwa ABC Records kuwatungia wasanii wengine. Tatizo nyimbo zao zilikuwa na kona nyingi mno, hakuna wa kuzibeba. Ndipo wakaunda bendi, hiyo Steely Dan. Yaani bendi ilizaliwa kwa sababu nyimbo zilikosa wenyewe.

Hoja yangu: bendi ni wale wanaojua wimbo unatakiwa uende wapi. Jukwaa ni kazi nyingine. Walipoacha ziara mwaka 1974 wakajifungia studio, hawakupungukiwa kitu. Isikilize albamu yao Aja ya 1977, halafu uje ubishe.

Mchangiaji wa 1: Mtoa mada umeruka palipo na utamu. Albamu ya kwanza, 1972, ilikuwa na watu kamili: Denny Dias na Jeff Baxter kwenye magitaa, Jim Hodder kwenye drams, David Palmer mwimbaji, aliyeletwa kwa kuwa Fagen hakuwa anaiamini sauti yake mwenyewe jukwaani. Na huyo Dias ndiye aliyetoa tangazo gazetini huko New York akitafuta mpiga besi na mpiga kinanda, hao wawili wakajitokeza. Mwenye nyumba kapokea wageni, miaka michache baadaye hati ina majina ya wageni! Palmer akatoka. Ziara zilipokufa, Baxter na Hodder nao wakatoka, maana mpigaji asiyepanda jukwaani na studioni anaitiwa mwingine, atakula nini?

Mchangiaji wa 2: Tuwe wakweli, Dias hakufukuzwa. Hata kwenye Aja yumo. Halafu lile solo la "Reelin' In the Years" mnalolisifia siyo la Dias wala Baxter, ni la Elliott Randall, mtu wa kuitwa. Albamu ya kwanza kabisa hiyo! Kukodi kulianza siku ya kwanza.

Mimi nimekulia kwenye dansi. Mpiga solo wa Msondo au wa Sikinde alikuwa na mashabiki wake, akihama mji mzima unajua. Kwa hiyo roho inaniuma kusikia mtu anapiga kitu kizito vile halafu anachukua ujira wake na kwenda. Ila masikio yangu yako upande wa mtoa mada.

Mchangiaji wa 3: Chukua wimbo "Peg", uliomo kwenye Aja. Wapiga gitaa kadhaa waliitwa mmoja baada ya mwingine kujaribu solo la sekunde chache, wote hawakupita, mpaka akaja Jay Graydon. Mnaita ubora, mimi naita mateso. Kwenye albamu ya Gaucho ya 1980 ikazidi: zaidi ya wanamuziki 40, mwaka na zaidi studioni, na katikati fundi mitambo msaidizi akafuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya wimbo uliokwisha kuwa tayari, "The Second Arrangement". Wakajaribu kuurekodi upya, ukagoma, wakautupa. Bendi ya kweli ingeupiga tena Jumatatu.

Mtoa mada: Mchangiaji wa 3, umenichekesha. Lakini saksafoni ya Wayne Shorter na drams za Steve Gadd kwenye wimbo wa "Aja" ungezipata wapi kwa bendi ya kudumu? Shorter asingeweza kuajiriwa mwaka mzima akusubiri uandike mstari. Mwenye wimbo anachagua mkono kwa kila wimbo, kama fundi cherehani anavyobadilisha sindano kulingana na kitambaa.

Mchangiaji wa 1: Sawa, sindano. Sasa pokea hii. Becker alifariki Septemba 2017. Haikupita miezi mitatu, Fagen akaenda mahakamani dhidi ya wasimamizi wa mirathi yake. Hoja yake ilisimama juu ya mkataba wa 1972, kwamba mwanachama akifa au akitoka, hisa zake zinanunuliwa na kampuni ya bendi. Mwaka 1972, mkuu! Albamu ya kwanza ndiyo kwanza inatoka, watu tayari wana hisa. Jamaa wa kijiweni alisema ofisi, alikosea wapi?

Mtoa mada: Hapo umenibana. Narudi jioni.