Kikundi kidogo chenye kiongozi, au niende mwenyewe? Naomba mnisaidie kulinganisha

NyotaYaAsubuhi
Habari zenu wadau. Nimejiwekea akiba miaka mitatu kwa ajili ya safari moja: wiki mbili Peru, na shabaha yangu ni Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka mlimani. Rafiki tuliyepanga kwenda naye amejitoa, nami sitaki kuahirisha tena. Sijawahi kuvuka mpaka peke yangu.

Nimebaki na njia tatu kichwani. Kujiunga na kikundi kidogo chenye kiongozi na kulala chumba kimoja na mwanamke mwenzangu nisiyemjua. Au kikundi hichohicho, ila nilipie chumba changu. Au niende mwenyewe, halafu kila mji nitakaofika nijiunge na matembezi ya siku moja.

Kupotea hakunitishi sana. Kinachoninyima usingizi ni kukaa wiki mbili na watu tusioivana, na papo hapo naogopa kumaliza wiki mbili bila mtu wa kuzungumza naye. Waliopitia wanieleze bila kunificha.

Mzururaji
Dada, tuanze na njia yenyewe, maana ndiyo itakayokuamulia nusu ya mambo. Unafika Machu Picchu kwa miguu au kwa treni?

Kama ni kwa miguu kupitia ile Njia ya Wainka ya siku nne, basi wazo la kwenda mwenyewe liweke pembeni. Hairuhusiwi kuipita bila mwongozaji mwenye leseni. Vibali ni vya watu 500 kwa siku, na humo wamo waongozaji na wapagazi, kwa hiyo watalii hawafiki nusu. Kibali hutoka kwa jina lako na namba ya pasipoti yako, na huwezi kumpa mtu mwingine. Februari njia hufungwa mwezi mzima. Watu huwahi vibali miezi mingi kabla, hasa vya Juni hadi Agosti.

Kwa treni ni habari nyingine. Unashuka Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu, unapanda basi, unaingia kwa tiketi yenye saa yako. Hilo mtu mmoja analiweza bila kampuni yoyote.

BegiMoja
Mimi nimesafiri na vikundi mara tatu, mara mbili kwa chumba cha kuchangia. Nitasemea hilo tu, kwa sababu ndilo watu huwa hawalielezi vizuri.

Bei unayoiona kwenye tangazo imepigwa kwa hesabu ya watu wawili chumba kimoja. Ukitaka cha peke yako unalipa ile nusu ya pili, au sehemu yake, ndiyo maana nyongeza inauma. Ukikubali kuchangia, kampuni nyingi zitakupanga na mtu wa jinsia yako. Na kama wanawake mliokuja peke yenu mmefika idadi isiyogawanyika kwa mbili, mmoja hupata chumba chake bila kuongeza chochote. Nililipata hilo safari ya kwanza.

Safari ya pili nilipangwa na mama mmoja aliyekuwa akipiga simu kwao usiku wa manane kwa sababu ya tofauti ya saa. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Mimi ndiye niliyenyamaza siku tano nikajaa hasira, na nilipomwambia aliomba radhi, na kuanzia hapo akawa anashuka mapokezi kupiga simu zake. Tangu hapo, usiku wa kwanza kabla sijafungua begi nauliza mambo matatu: taa inazimwa saa ngapi, nani anaingia bafuni kwanza asubuhi, na kama kuna anayekoroma. Beba vizibo vya masikio hata ukijibiwa hapana.

Na ukilipia chumba chako, uliza kwa maandishi kama ni kwa usiku wote. Kwenye mahema na nyumba za wenyeji mara nyingi nyongeza hiyo haifanyi kazi.

BibiMwendo
Wajukuu, mimi nina miaka 66 na nilikwenda mwenyewe, sikujuta.

Cusco, mji ambao wengi huanzia safari ya Machu Picchu, iko mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari, wakati Machu Picchu yenyewe iko chini zaidi, kama mita 2,400. Nilitua Cusco kwa ndege na siku ileile kichwa kikaniuma mpaka nikashindwa kuinama. Nilikaa hotelini siku mbili nikinywa maji na kupumzika, kisha nikashuka Bonde Takatifu ambako kimo ni kidogo. Hakuna aliyenisubiri na hakuna niliyemchelewesha. Kikundi kina ratiba, na ratiba haijui kwamba mapafu yako yanahitaji siku moja zaidi.

Lakini usiambiwe kwamba matembezi ya siku moja yanakata upweke. Mchana unapata watu, mnacheka, mnapigana picha, saa kumi na moja jioni kila mtu anakwenda kwake. Kesho unaanza upya: unatoka wapi, unafanya kazi gani. Siku ya tisa nilichoka kujitambulisha. Na kumbuka gari la kwenda vijijini ukilikodi peke yako unalilipa lote.

Kalamu_na_Ramani
Kuhusu kampuni: "kikundi kidogo" si neno lenye kipimo kimoja. Intrepid ilianza 1989 na G Adventures 1990, na zote mbili zinajulikana kwa vikundi vya watu wachache, lakini kila safari ina kikomo chake, kwa hiyo soma ukurasa wa safari yako badala ya kuamini sifa ya jumla. Contiki ni ya wasafiri wa miaka 18 hadi 35. Umri wa wenzako utaamua mengi kuliko hoteli: nani anataka kulala saa tatu usiku na nani ndiyo kwanza anavaa viatu vya kutoka.

Kabla ya kulipa, waulize ni wangapi wamekwisha kulipia tarehe hiyo, na ni wangapi wanaosafiri peke yao. Kikundi cha watu kumi chenye jozi tano za wapenzi ni upweke wa aina yake. Uliza pia idadi ya chini inayotakiwa ili safari isifutwe. Mpaka tarehe ithibitishwe, usinunue tiketi ya ndege isiyorudishika. Mimi nilifanya kosa hilo. Kampuni ikanirudishia pesa zake, ya ndege ikabaki kuwa hasara yangu.

Ukinunua kifurushi kwa kampuni ya nchi ya Umoja wa Ulaya, sheria iko upande wako: wakipandisha bei zaidi ya asilimia 8 baada ya mkataba, una haki ya kujitoa bila faini. Ukijipangia mwenyewe kipande kwa kipande, ulinzi huo huna.

NyotaYaAsubuhi
Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Nataka kutembea kwa miguu, hilo nimeliamua zamani. Kaka Mzururaji umenifungua macho kuhusu vibali, nilidhani nanunua getini.

Swali kwa BegiMoja: jioni moja nikitaka kukaa peke yangu, wenzangu hawataona nawadharau?

BegiMoja
Hapana dada. Sema mapema na uiseme mara ya kwanza tu inapokujia, usingoje mpaka umechoka na watu. "Leo napumzika, tuonane asubuhi" inatosha. Kiongozi mwambie uko wapi, basi. Watu huudhika unapokubali kisha ukatoweka. Ila jioni ya kwanza, ile ya kutambulishana, usiikose hata ukiwa umechoka na ndege. Urafiki wa kikundi hufungwa pale.

BibiMwendo
Marahaba mwanangu. Kama ni miguu, jiunge na kikundi. Kile kilele cha siku ya pili kinapita mita 4,200, na huko ni vizuri kuwa na watu wanaokujua jina. Lakini fika Cusco siku tatu kabla yao, uzoee hewa kwa wakati wako.

Mzururaji
Naunga mkono. Na bima yako iwe imeandika wazi kimo hicho, nyingi zina kikomo cha mita.

NyotaYaAsubuhi
Siku tatu za mwanzo mwenyewe, kisha kikundi, chumba cha kuchangia. Bibi, hizo siku tatu ndizo zilizonituliza, maana nitakuwa nimejijaribu peke yangu kabla ya kukutana nao. Usiku huu nimeandikia kampuni mbili: wangapi wamelipia, wangapi wako peke yao, idadi ya chini ni ngapi, na kama vibali vya Mei bado vipo. Wakijibu nitaweka majibu yao hapa tuyasome pamoja.