Bodi moja au katamarani: chombo gani kinamfaa anayeishi Moshi na kutia nanga Tanga?

Mkazi wa Rau, Moshi
Ndugu zangu, mimi na wenzangu tunakusudia kununua kwa ubia boti ya tanga iliyotumika, ya faiba, yenye urefu wa mita 12 hivi, ili tusafiri nayo kati ya Tanga, Pemba na Unguja tukilala ndani. Katika kuchagua tumebakiwa na aina mbili: boti ya bodi moja (bodi ni kiwiliwili cha chombo) ambayo mkuku wake, yaani uti wa chini, unashuka karibu mita 2 chini ya maji, na katamarani, yaani chombo cha bodi mbili zilizounganishwa. Kwa kuwa sote tunaishi Moshi, chombo kitakaa nangani wiki nyingi bila sisi.

Njiro, Arusha
Ningechagua bodi moja, na sababu yangu ni farumi, yaani uzito wa chini unaozuia chombo kisipinduke. Katika boti nyingi za aina hiyo, takriban theluthi moja ya uzito wote ni chuma au risasi iliyofungwa kwenye mkuku, na uzito huo ndio unaoirudisha wima hata ikilazwa na dhoruba. Katamarani hutegemea upana wake, kama ngalawa inavyotegemea mirengu (magogo yake ya ubavuni), na ikipinduka baharini haijiinui tena. Zaidi ya hayo, bodi moja hubisha, yaani huukabili upepo wa mbele, vizuri zaidi, na anayetoka Unguja kurudi Tanga wakati wa kaskazi atabisha sana.

Mzee wa Pasua
Kuhusu farumi nakubaliana nawe, kijana wangu, lakini mwenzetu ameuliza juu ya chombo kitakachotunzwa kutoka mbali. Pwani ile, wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katamarani ya urefu huo huhitaji kina cha mita 1.2 hivi, kwa hiyo hukalishwa juu ya mchanga maji yakipwa, ikasimama wima yenyewe, na mtu akaingia chini na brashi, akakwangua mwani na magamba, akabadilisha zinki zinazokinga vyuma visiliwe na maji ya chumvi, na kuchunguza rafadha (panga la injini) kabla maji hayajajaa. Boti yenye mkuku wa mita 2 italala ubavu, au mtalipia chelezo, mahali pa kupandishia vyombo nchi kavu, kila mara.

Mama Sakina
Shikamoo Mzee. Naongeza kwamba katamarani ina injini mbili, yaani oili, filta na pampu za maji mara mbili, na ikijazwa mizigo kupita kiasi mawimbi huipiga chini ya sakafu inayounganisha bodi zake. Zipo pia boti za bodi moja zenye mikuku miwili mifupi. Hizo hubisha kwa shida kidogo, lakini zina farumi na husimama wima mchangani.

Mkazi wa Rau, Moshi
Marahaba kwa wote kwa niaba ya Mzee, na asanteni sana. Tutaitafuta hiyo ya mikuku miwili kwanza. Kila muuzaji tutamtaka aonyeshe ni mwaka gani nyaya zinazoshikilia mlingoti zilibadilishwa, na tanga la mbele tutalikunjua lote juani tukague mishono yake.